Kuanguka kwa Saa 10,000 Hakukuwa Ushindi wa Kipaji

Kwa miaka kadhaa sasa kuna kauli inayopita kwenye magazeti, kwenye mafunzo ya makocha na hata kwenye vikao vya walimu: kwamba sayansi imeizika ile kanuni ya saa 10,000, inayosema kuwa yeyote atakayefanya mazoezi kwa saa hizo atakuwa gwiji, kwamba aliyezaliwa na kipaji ndiye atakayefika, na wengine wanajisumbua bure. Kauli hii imekuja na biashara yake. Zipo kampuni zinazochukua mate ya mtoto, zikayapima vinasaba, kisha zikamwambia mzazi kuwa mwanawe kaumbiwa mbio fupi au mbio ndefu. Vipo vituo vya michezo na muziki vinavyowachuja watoto wakiwa hawajafika hata miaka kumi, kwa imani kwamba chenye kung'aa kitaonekana mapema. Wanaofanya haya wanaamini wanafuata ushahidi, na ndiyo maana inafaa kuwajibu kwa ushahidi huohuo. Utafiti ulioiangusha kanuni ya saa 10,000 uliangusha hesabu moja iliyorahisishwa kupita kiasi. Haukukirudisha kipaji kwenye kiti chake cha zamani. Ukiusoma kwa utulivu unakuonyesha jambo jingine: kwamba kipaji, kwa kiasi kilichopo, hakisomeki kabla mtu hajafanya kazi kwa muda mrefu, na kwamba kati ya yote yanayomfikisha mtu kwenye umahiri, bidii ya subira ndiyo kubwa kuliko mengine ambayo yeye, mzazi wake au mwalimu wake anaweza kuyashika kwa mikono.

Tuanzie kwenye chimbuko. Mwaka 1993 mwanasaikolojia wa Kiswidi K. Anders Ericsson, pamoja na Ralf Krampe na Clemens Tesch-Römer, alichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki cha Berlin Magharibi. Waliwagawa wanafunzi katika makundi matatu ya watu kumi kumi: wale ambao walimu waliwaona kuwa bora kabisa, wale wazuri, na wale waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki. Kila mmoja aliulizwa tangu aanze amekuwa akifanya mazoezi ya peke yake kwa saa ngapi. Kufikia umri wa miaka 18, waliokuwa bora walikuwa na wastani wa saa 7,410, wazuri 5,301, na wale wa ualimu 3,420. Kufikia miaka 20, wastani wa kundi la kwanza ulikuwa umepita 10,000. Hapo ndipo namba hiyo maarufu ilipotoka. Ulikuwa wastani wa watu kumi katika umri uliochaguliwa tu, na ndani ya kundi hilohilo walikuwemo ambao hawakuwa wameufikia. Miaka kumi na mitano baadaye kitabu kimoja kilichouzwa sana kiliugeuza wastani huo kuwa kanuni ya ulimwengu: timiza saa 10,000, uwe gwiji. Ericsson mwenyewe alipinga tafsiri hiyo hadi mwisho wa maisha yake mwaka 2020.

Kilichopotea katika safari hiyo ni kiini cha utafiti wenyewe, yaani aina ya mazoezi. Ericsson alizungumzia mazoezi ya makusudi: mtu anachagua udhaifu mmoja mahususi, anaufanyia kazi pale ambapo uwezo wake unakomea, kuna mwalimu au kipimo kinachomwonyesha alipokosea, naye anarudia huku akirekebisha. Wanafunzi wale wa fidla hawakuyaita mazoezi hayo raha. Yalikuwa yanawachosha kiasi kwamba waliyakata vipande vipande, wakapumzika katikati, na waliofanya vizuri zaidi walilala mchana kuliko wale wa ualimu. Kupiga wimbo unaoujua, jioni, kwa starehe yako, hakumo katika hesabu hiyo hata ukifanya hivyo miaka ishirini. Yule dereva aliyeendesha gari nusu ya maisha yake bila kuwa bora zaidi ya alivyokuwa mwaka wa tatu anajulikana na kila mtu. Saa ziliongezeka kwake, ila mazoezi yalikoma zamani.

Kisha ukaja mwaka 2014. Brooke Macnamara, David Hambrick na Frederick Oswald walikusanya tafiti 88 zenye washiriki zaidi ya 11,000 na kuuliza swali moja: tofauti za umahiri kati ya watu zinaelezwa na tofauti za mazoezi kwa kiasi gani? Kwenye michezo ya bao kama chesi, jibu lilikuwa asilimia 26. Kwenye muziki, 21. Kwenye michezo ya viungo, 18. Kwenye masomo, 4. Kwenye kazi za taaluma, chini ya 1. Mwaka 2019 Macnamara na Megha Maitra walirudia pia utafiti wa fidla, safari hii kwa wanafunzi 39, wakakuta kwamba kundi la chini lilikuwa na saa chache zaidi kama ilivyotarajiwa, lakini kati ya wazuri na walio bora kabisa hakukuwa na tofauti ya saa ya kutajika. Kuanzia hapo vichwa vya habari vilijiandika vyenyewe: mazoezi ni robo tu, iliyobaki ni kipaji.

Hapo ndipo kosa lilipo, na linastahili kuangaliwa polepole kwa sababu ni kosa linaloonekana kama hesabu. Kwanza, iliyobaki haikupimwa. Utafiti wa 2014 haukuonyesha kwamba kipaji kinaeleza asilimia 74 ya chesi. Ulionyesha kwamba idadi ya saa inaeleza 26, basi. Ndani ya hiyo 74 mna ubora wa mwalimu, umri wa kuanza, afya, majeraha, fedha za familia, hamu, bahati, makosa ya upimaji wenyewe, na ndiyo, mna pia mambo ya kurithi. Kuuchukua mchanganyiko wote huo na kuubandika jina moja la kipaji ni kukipa kipaji sifa ambayo hakuna aliyeipima. Pili, saa hazisemi kilichofanyika ndani ya saa. Ericsson alilalamika kwamba tafiti nyingi zilizoingizwa kwenye hesabu hiyo zilijumlisha mechi, masomo ya kundi na shughuli nyingine ambazo hazikuwa mazoezi ya makusudi. Kwenye masomo hali inachanganya zaidi, kwa kuwa mwanafunzi anayeelemewa mara nyingi ndiye anayekaa na kitabu muda mrefu kuliko wenzake. Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Asilimia hizi zinaeleza tofauti kati ya watu waliomo ndani ya kundi. Hazielezi ni nini kiliwaingiza kundini. Miongoni mwa wachezaji wa ligi ya kikapu ya NBA, urefu wa mtu haukuambii sana nani atafunga pointi nyingi, maana karibu wote ni warefu. Hakuna anayehitimisha kwamba urefu hauna kazi kwenye kikapu. Vivyo hivyo, wanafunzi 39 wa fidla waliokubaliwa kwenye chuo cha muziki wote wamekwisha kufanya mazoezi kwa maelfu ya saa. Kuona kwamba saa haziwatofautishi sana wale wa juu na wa juu zaidi si kuona kwamba mtu angeweza kuingia pale bila saa hizo. Hakuna aliyeingia bila hizo.

Nisieleweke kwamba upande wa pili hauna hoja. Unazo, na moja ni ngumu kweli. Mwaka 2007 huko Osaka, Donald Thomas wa Bahamas alitwaa ubingwa wa dunia wa kuruka juu kwa mita 2.35, akiwa ameuanza mchezo huo mwaka mmoja na kitu tu kabla. Kwenye fainali hiyohiyo alikuwepo Stefan Holm wa Sweden, bingwa wa Olimpiki wa 2004, mtu aliyeruka tangu utotoni na aliyejenga maisha yake yote juu ya ufundi wa mruko mmoja. Holm alimaliza wa nne. Thomas ana miguu mirefu na kano ndefu ya kisigino inayomrusha kama chemchemi ya chuma. Hilo hakulifanyia kazi, alizaliwa nalo. Mfano mwingine ni Eero Mäntyranta wa Finland, mshindi wa medali saba za Olimpiki katika mbio za kuteleza thelujini. Mwaka 1993 ilijulikana kwamba familia yake ilibeba badiliko la kinasaba linaloufanya mwili utengeneze chembe nyekundu za damu nyingi kupita kawaida, na hivyo kubeba oksijeni nyingi zaidi. Anayesema maumbile hayana nafasi anapaswa kuwatazama watu hawa wawili na kunyamaza.

Lakini tuwatazame mpaka mwisho, tusiishie siku ya medali. Holm ana urefu wa mita 1.81, mfupi kwa warukaji wa kiwango hicho, na mwaka 2005 aliruka mita 2.40 ndani ya ukumbi, karibu sentimita 60 juu ya kichwa chake mwenyewe. Thomas, kwa mwili ambao kila kocha angeuota, aliendelea kushindana miaka mingi baada ya Osaka, na kilele chake kikawa mita 2.37. Yaani yule aliyepewa kidogo na kufanya kazi miaka ishirini alipanda juu kuliko yule aliyepewa vingi. Halafu tuzingatie ni michezo ipi inayotoa mifano ya namna hii. Kuruka juu, mbio, kuteleza thelujini: ni kazi ambazo sehemu kubwa ya matokeo hutoka kwenye mifupa, kano na damu. Huwezi kupata Donald Thomas wa upasuaji, wa uhandisi, wa ushonaji, wa kuandika programu za kompyuta au wa uandishi wa sheria. Katika kazi ambazo wengi wetu tunaishi kwazo, hakuna kano ya kisigino ya kumrusha mtu juu ya wenzake katika mwaka wa kwanza.

Hoja nyingine ya upande huo ni ya hila zaidi. Mwaka 2014 Miriam Mosing na wenzake walichunguza mapacha zaidi ya 10,000 wa Sweden na kukuta kwamba hata pale pacha mmoja wa kufanana alipokuwa amefanya mazoezi ya muziki mengi kuliko mwenzake, hakuwa bora zaidi katika majaribio ya kutambua tofauti za sauti, mdundo na tuni. Zaidi ya hapo, hamu yenyewe ya kufanya mazoezi ilionekana kurithiwa kwa kiasi kikubwa. La kwanza lina jibu jepesi: kilichopimwa ni sikio, si upigaji. Hakuna pacha aliyetakiwa kupiga kipande cha muziki, na sidhani kuna anayeamini kwamba pacha ambaye hajawahi kushika fidla angekipiga sawa na mwenzake wa miaka kumi ya mazoezi. La pili nalikubali. Watu wanatofautiana tangu kuzaliwa katika kuvumilia kazi ya kujirudia, na haki inatutaka tuseme hivyo. Ila mwelekeo wa kurithi si hukumu iliyokwisha kuandikwa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto wa shule mafumbo, kisha wakawasifu wengine kwa akili zao na wengine kwa juhudi zao. Walipopewa mafumbo magumu baadaye, waliosifiwa akili walikata tamaa mapema, walifurahia kazi kidogo, na matokeo yao yakashuka. Hamu ya kuendelea ilitikiswa na sentensi moja ya mtu mzima. Hatari ya imani kwamba kipaji ndicho kila kitu iko hapohapo: inakausha ile subira ambayo tunaambiwa ilikuwa ya kurithi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi kila siku, ni hii: kipaji huonekana mapema, nyota njema huonekana asubuhi. Juu yake vimejengwa vituo vya kuchuja watoto, madarasa maalumu na ile misemo ya "huyu anacho" na "yule hana". Ushahidi dhidi yake ni mwingi kiasi cha kushangaza kwamba bado inasimama. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake waliwachunguza wachezaji wa hoki ya barafu nchini Canada, ambako makundi ya umri hukatwa tarehe 1 Januari, wakakuta waliozaliwa Januari hadi Machi wamejaa kwenye ngazi za juu kuliko waliozaliwa Oktoba hadi Desemba. Jambo hilo limekutwa pia kwenye soka na michezo mingine mingi. Sababu yake haina muujiza. Katika umri wa miaka minane, aliyezaliwa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima wa kukua. Kocha anauona mwaka huo akauita kipaji. Mtoto anachaguliwa, anapewa mwalimu bora, mechi nyingi na viatu vizuri, na baada ya miaka mitano kweli anakuwa bora. Utabiri umetimia kwa sababu umetimizwa. Yule wa Desemba alirudi nyumbani akiamini hana, na hakuna kumbukumbu yoyote ya alichopoteza.

Mwaka 2022 Arne Güllich, akiwa na Macnamara na Hambrick, wale wale waliotajwa kuwa wameyazika mazoezi, alichapisha uchambuzi wa tafiti 51 zenye wanamichezo 6,096, wakiwemo 772 wa daraja la juu kabisa duniani. Waliokuja kuwa wa kiwango cha dunia, wakilinganishwa na wale walioishia kiwango cha taifa, walikuwa wamecheza michezo mingi tofauti utotoni, waliingia mchezo wao mkuu wakiwa wamechelewa, na maendeleo yao ya mwanzo yalikuwa ya polepole. Shabiki wa kipaji atadaka hapo: kumbe walikuwa na saa chache kwenye mchezo wao! Ndiyo, chache kwenye mchezo huo, nyingi kwenye mingine, na hilo linaiua kwa mara nyingine ile hesabu ya saa 10,000 za jambo moja. Lakini soma tena lile la mwisho. Mabingwa wa dunia walikwenda polepole mwanzoni. Waliokimbia haraka, waliojikita mapema kwenye mchezo mmoja, waling'aa katika mashindano ya vijana, na kwa kawaida si wao waliofika kileleni. Mchujo wa miaka tisa au kumi ungewatupa nje wengi wa mabingwa hao na kuwaweka ndani waliokomaa mapema. Sijui hoja gani nyingine iliyoangushwa na namba kwa ukamilifu huu na bado ikaendelea kupangiwa bajeti.

Wapenzi wa kipaji cha mapema hawakosi kumtaja mtunzi wa muziki Wolfgang Mozart, kwa hiyo tumtaje na sisi. Baba yake, Leopold, alikuwa mwalimu wa muziki aliyechapisha kitabu cha kufundishia fidla mwaka 1756, mwaka uleule mtoto alipozaliwa. Tungo za kwanza za piano na okestra zilizobeba jina la Wolfgang akiwa na miaka 11 zilikuwa za kupanga upya kazi za watunzi wengine. Ile ambayo wahakiki wengi huihesabu kuwa kubwa yake ya kwanza ya aina hiyo ni ya mwaka 1777, alipokuwa na miaka 21, baada ya takribani miaka kumi na saba ya kufundishwa kila siku na mmoja wa walimu mahiri wa Ulaya. Hata ule uwezo wake uliostaajabisha watu, wa kuitaja noti kwa kuisikia tu bila noti nyingine ya kulinganishia, uliowahi kudhaniwa kuwa zawadi ya mtu mmoja kati ya maelfu, mtafiti Ayako Sakakibara aliufundisha huko Japan. Katika utafiti wake wa 2014, watoto 24 wa miaka miwili hadi sita waliwekwa kwenye mafunzo mafupi ya kila siku. Wawili waliacha njiani. Wote 22 waliobaki waliupata. Simnyang'anyi Mozart ukuu wake. Alikuwa na kitu ambacho watoto wengine wa walimu wa muziki hawakuwa nacho. Ninasema tu kwamba hatukijui kitu hicho bila kazi iliyokizunguka, kwa kuwa hakikuwahi kuonekana peke yake.

Na kazi hiyo inamfanyia nini mtu? Kuna majaribio mawili ambayo naona yanafaa kujulikana na kila mwalimu. La kwanza lilichapishwa mwaka 1980 na William Chase na Ericsson. Mwanafunzi mmoja wa chuo, mwenye akili na kumbukumbu za kawaida kabisa, alisomewa tarakimu moja moja na kutakiwa azirudie kwa mpangilio. Mwanzoni aliweza saba, kama watu wengi. Baada ya saa zipatazo 230 zilizotandazwa kwenye miezi ishirini, alifika tarakimu 79. Alikuwa mkimbiaji, akajifunza kuzigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio: 3492 ikawa dakika 3 na sekunde 49.2, muda unaokaribia rekodi ya maili moja. Kisha watafiti wakabadili tarakimu kuwa herufi, na uwezo wake ukarudi kwenye sita hivi. Funzo hapo lina makali mawili. Mazoezi yalimjengea kitu kisichokuwepo kabisa, lakini hayakumpa "kumbukumbu nzuri" ya jumla. Yalimjengea hicho alichokifanyia kazi. Anayewaambia vijana kwamba bidii yoyote italeta mafanikio yoyote hajalisoma jaribio hili.

La pili ni la madereva wa teksi wa London, wanaotakiwa kukariri mitaa ipatayo 25,000 na kufaulu mtihani unaochukua miaka mitatu hadi minne kuuandaa. Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwafuatilia wanafunzi 79 wa udereva huo, wakiwapiga picha za ubongo kabla na baada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliofaulu walikuwa 39. Mwanzoni hapakuwa na tofauti kati ya waliokuja kufaulu na waliokuja kushindwa katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za mahali. Mwishoni, waliofaulu walikuwa wameongezeka sehemu yake ya nyuma. Walioshindwa na wale wasiojifunza kabisa hawakubadilika. Na waliofaulu ndio waliojifunza saa nyingi zaidi kwa wiki. Yeyote ambaye angewatazama madereva hao mwisho tu angesema wamezaliwa na ubongo wa ramani.

Sitaki nimalize upande mmoja nikaufumbia macho udanganyifu wa upande wa pili. Kumwambia kila mtoto kwamba atakuwa chochote akijitahidi ni ukatili uliovaa nguo za wema, kwani anaposhindwa anabaki na maelezo moja tu: hakujitahidi. Fernand Gobet na Guillermo Campitelli, katika utafiti wa 2007 kwa wachezaji wa chesi wa Argentina, walikuta mmoja aliyefikia kiwango cha umasta kwa takribani saa 3,000 na mwingine aliyehitaji zaidi ya 23,000. Dada watatu wa familia ya Polgár wa Hungary walilelewa kuwa wachezaji wa chesi na baba mmoja, kwa mpango mmoja, na hawakufika mahali pamoja: Judit aliingia kumi bora wa dunia wa wanaume na wanawake pamoja, Susan akawa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha chesi, na bingwa wa dunia wa wanawake, Sofia akaishia ngazi ya masta wa kimataifa. Tofauti ipo. Lakini yatazame matokeo hayo kwa jicho la mtu anayeamua la kufanya na maisha yake. Yule wa saa 23,000 alifika umasta pia. Angeambiwa baada ya saa 3,000, wenzake wenye haraka wakimpita, kwamba hana kipaji, angekuwa ameambiwa uongo. Na katika familia ile, aliyeishia chini kuliko wenzake alisimama juu ya karibu kila mchezaji wa chesi aliyepo duniani.

Athari za kuuelewa vibaya ushahidi huu hazikomei kwa mtoto mmoja mmoja. Mwaka 2015 Sarah-Jane Leslie, Andrei Cimpian na wenzao waliwahoji wanataaluma wa fani 30 katika vyuo vikuu vya Marekani na kukuta kwamba kadiri watu wa fani walivyoamini kuwa kazi yao inahitaji akili ya kuzaliwa nayo, ndivyo wanawake walivyokuwa wachache kati ya wanaopata shahada ya uzamivu kwenye fani hiyo. Waamerika weusi nao walikuwa wachache zaidi katika fani hizo. Hili halinishangazi. Kipaji kisichopimika hutazamwa kwa mazoea, na mazoea humwona mwenye kipaji katika sura ya wale waliotangulia. Kazi inayopimika haina upendeleo mkubwa hivyo: umefanya zoezi au hujafanya, umerekebisha kosa au bado lipo.

Kuhusu vipimo vya mate, jibu limekwisha kutolewa. Mwaka huohuo wa 2015 kundi la kimataifa la wataalamu wa vinasaba na tiba ya michezo lilitoa tamko kwamba vipimo hivyo vya kuuziwa wananchi havina nafasi yoyote katika kutafuta vipaji vya watoto au kuwapangia mafunzo. Vinaendelea kuuzwa kwa sababu vinauza kitu ambacho mazoezi hayawezi kuuza, nacho ni jibu la leo. Subira haina bidhaa. Mwaka wa kwanza hauonyeshi kitu cha kumwonyesha mdhamini, wa pili unaonyesha kidogo, na kocha anayelipwa kwa medali za vijana wa miaka 14 atawachagua waliokomaa mapema hata kama anaujua utafiti wa Güllich kwa moyo, kwa kuwa mkataba wake utakwisha kabla hao wa polepole hawajamfaa.

Kwa hiyo mabadiliko yanayohitajika ni ya ratiba na ya mikataba kuliko ya hotuba za kutia moyo. Hotuba zenyewe zina nguvu ndogo: jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019 na David Yeager na wenzake, kwa wanafunzi zaidi ya 12,000 wa Marekani, lilionyesha kwamba somo fupi la kuwafundisha kuwa akili hukua liliinua alama za walio nyuma kwa kiasi kidogo tu. Kinachoweza kubeba uzito ni kusogeza mchujo mbele hadi miili imekomaa, kuhesabu umri kwa miezi pale inapobidi kuchagua, kumpima kocha kwa idadi ya wanaobaki kwenye mchezo baada ya miaka mitano, na kutenga muda wa mwalimu wa kukaa na mwanafunzi mmoja na kosa moja, maana mazoezi bila wa kukuonyesha kosa ni kurudia tu. Haya yanagharimu, na hayatagawanyika kwa haki yenyewe. Mtoto anayelazimika kufanya kazi jioni ana saa chache kuliko anayesubiriwa na mwalimu wa kulipwa nyumbani, na tukishakubali kwamba saa hizo ndizo zinazojenga umahiri, hatuwezi tena kumtazama wa pili na kusema amezaliwa hivyo. Tutalazimika kuuliza nani amlipie wa kwanza muda wake.